Mfalme Asiye na Kwao

Tangu alipojifungua mtoto wake wa kwanza, hakuna mtu katika mtaa wa wafumaji wa Ashuru aliyemwita Tarisha kwa jina lake. Alikuwa Mama Kurubu. Kisimani Mama Kurubu, sokoni Mama Kurubu, na hata mumewe Laliya, fundi wa matandiko ya punda, akikosa chumvi kwenye chakula alisema, "Mama Kurubu, hizi dengu umezipika au umeziosha tu?" Naye humjibu kwamba chumvi imo tele, ulimi wake ndio umekufa ganzi kwa kulambalamba nyuzi za ngozi. Waliishi hivyo kwa utani, na shibe ya kiasi chao.

Mtoto mwenyewe, Kurub-Ishtari kwa jina kamili, alikuwa mtoto wa kawaida kabisa. Alichelewa kutembea, akawahi kusema, na alilala mdomo wazi. Nalisema hili mapema kwa sababu baadaye watu wazima wenye ndevu zao walikaa wakadai kwamba tangu utotoni uso wake ulikuwa na nuru ya kifalme. Hakukuwa na nuru yoyote. Kulikuwa na kamasi, na mama yake ndiye aliyeyapangusa.

Miaka ile kiti cha enzi cha Ashuru kilikuwa kama ukingo wa kisima siku ya joto: aliyefika alikaa, na akija mwenye kiwiko kigumu zaidi alimsukuma. Ukitoka kwenda vijijini kununua sufu, ukirudi unaulizia kwanza nani mfalme ili usije ukachekwa. Kurubu alikua katika fujo hizo. Akawa askari, kisha mkubwa wa walinzi wa lango la mtoni, na watu wakampenda kwa sababu chini yake hakuna mlinzi aliyemnyang'anya mchuuzi kitunguu. Basi mfalme wa wakati huo alipotoroka na mafuta ya hekalu, walinzi walimbeba Kurubu mabegani, wakampandisha hadi kwenye jumba la enzi wakiimba. Mama yake alikuwa kwenye kitanda chake cha kufumia akasikia kelele. Aliposikia ni za nini, akakaa chini kati ya nyuzi.

Siku iliyofuata, jua likiwa limeshapanda, wazee wa mji walibisha hodi. Mbele yao alikuwa Buzazu, mfanyabiashara wa bati, mtu wa sauti laini aliyejua kumpaka kila mtu mafuta kwa mgongo wa chupa.

"Baba Kurubu, tumekuja kwa heri," alisema.

"Wazee wanne wenye mikufu kwenye kibanda cha mshona matandiko," Laliya akajibu, "hiyo si heri. Ama punda zenu wote wamechubuka migongo?"

Buzazu akacheka, akakaa, akapokea bia, akaiweka chini bila kuionja. "Mtoto wenu ni mtu wa maana," alisema. "Mji unamtaka. Lakini mnajua desturi. Aliyekaa pale juu ndiye anayewamwagia maji wafalme wa zamani kila mwezi unapokufa, anawaita baba zangu. Sasa waje waitwe baba na mtoto wa nani? Wa matandiko?"

"Matandiko yangu hayajawahi kumwangusha mtu," Laliya akasema.

"Sikukebehi, ndugu yangu. Nasema hivi: akikaa bila ukoo, kila mwenye upanga atajiona ana haki kuliko yeye. Hamalizi mavuno. Watamchinja. Mkimpa ukoo, atazeeka pale juu."

Kisha akatoa alichokuja nacho. Kulikuwa zamani na mwana wa mfalme aliyefia ugenini. Ingesemwa kwamba aliacha mtoto mchanga, na mtoto huyo akafichwa kwa fundi mmoja mwaminifu ili alelewe. Kilichotakiwa ni fundi huyo na mkewe na binti yao waende Lango la Ngazi, wanapoamulia wazee, washike jambia la Ashuru, mungu mwenye jina la mji, waape kwamba Kurubu si wao.

Utani ulimtoka Laliya. "Na mimi nikifa," aliuliza, "nani ataniita?"

Hilo si swali dogo kwetu. Mtu wetu hazikwi porini. Huzikwa chini ya sakafu ya nyumba yake, na kila mwezi mwanawe mkubwa humwagia maji kwenye tundu la sakafu, akamvunjia mkate, akamwita kwa jina lake aje ale. Asiyeitwa hana anapokwenda. Huzurura na njaa yake barabarani, anakunywa maji ya mtaroni, anawaogopesha watoto. Laliya alikuwa ameita majina ya baba yake na babu yake maisha yake yote, na alikuwa anahesabu kwamba zamu yake itafika.

"Binti yupo," Buzazu akasema kwa upole. "Hatitu atakuita."

Laliya akainuka ili awaonyeshe mlango. Tarisha ndiye aliyemshika nguo.

"Baba Kurubu, kaa."

"Unataka niape kwamba sikumzaa mwanangu?"

"Nataka awe hai. Basi. Wameshampandisha, hawezi kushuka. Anayeshuka pale anashuka akiwa maiti, hujui hilo? Wewe uite ukoo, uite jina, mimi nataka asichinjwe."

"Na wewe utakuwa mama wa nani?"

"Nitakuwa mama wa mtu anayepumua," alisema. "Wakisema mimi si mama yake, je, tumbo langu litasahau?"

Waliapa. Jambia la Ashuru si la kuchinjia kondoo. Watu wetu husema uongo popote penye hewa, sokoni hasa, lakini mtu aliyeshika lile jambia hata pumzi huipima. Tarisha alilishika. Alijiambia kwamba Ashuru naye ni baba, na baba hawezi kumkasirikia mama kwa kumwokoa mtoto. Hapo ndipo alipokosea. Alidhani atakayekumbuka kiapo kile ni mungu peke yake.

Laliya aliapa baada yake kwa sauti ya kupwaya. Hatitu, binti wa miaka ya kuposwa, aliapa mwisho, akilia, akasema kwamba hajawahi kuwa na kaka. Kurubu mwenyewe alikuwa amesimama juu ya ngazi katika joho la kuazimwa, lililokuwa fupi mikononi. Hakuwatazama. Alitazama mto Hidekeli pale chini.

Mtaani watu walijua ukweli wote. Mkunga aliyemzalisha alikuwa amekwisha kufa, lakini nusu ya wanawake wa pale walikuwa wamekula mkate wa arobaini yake. Hata hivyo ukweli wa aina ile haukuwa na faida kwa mtu. Siku ileile waliacha kumwita Tarisha Mama Kurubu. Walianza kumwita Mama Hatitu, kwanza kwa kujikwaa, kisha kwa mazoea. Jirani mmoja mwenye mdomo mrefu alimwambia kisimani, "Wewe mwenzetu umezaa mfalme halafu ukakataa! Mimi ningekuwa nimeshahamia jumbani, nalala hadi mchana." Wanawake wakacheka. Tarisha naye akacheka, akajitwika mtungi wake, akaenda zake. Njiani machozi yalimtoka mpaka akashindwa kuona njia.

Kurubu alitawala mwaka mmoja na kidogo. Ukiwauliza watu leo alifanya nini, watakuambia alirudishia ukuta wa upande wa mtoni. Basi. Hakuwa mfalme wa kutisha wala wa kusifiwa. Shayiri ilikuwa nzuri, barabara za misafara zilikuwa na amani kiasi, na kila mwezi ulipokufa alisimama jumbani akawamwagia maji watu asiowajua, akiwaita baba zangu.

Mara moja Tarisha aliitwa jumbani. Mfalme alitaka joho jipya, na ilisemwa kwamba yule mlezi wake ni fundi hodari wa sufu. Alikwenda na uzi wake wa kupimia. Chumba kilikuwa na walinzi wawili na mzee Buzazu, aliyekuwa siku hizo haondoki ubavuni kwa mfalme.

"Shikamoo, mama mlezi," Kurubu alisema.

"Marahaba, bwana wangu." Alimzunguka, akanyoosha uzi begani kwake. Bega lilikuwa limekonda. "Bwana wangu hali chakula?"

"Nakula. Chakula cha hapa kina chumvi nyingi."

Tarisha akauma midomo. Akapima mkono, kutoka bega hadi kiganja, na alipofika kwenye kiganja, vidole vya mwanawe vikafunga juu ya vidole vyake, vikabana. Buzazu alikohoa. Vidole vikafunguka.

"Mzee wako anaendeleaje?" mfalme aliuliza, akitazama ukutani.

"Kifua kinamsumbua, bwana wangu. Anakohoa sana. Anasema..." Alisita. "Anasema angefurahi kumwona bwana wangu akipita mtaani kwetu. Hata kwa mbali."

"Mwambie..." Kurubu alianza. "Mwambie mfalme anamsalimu."

"Nitamwambia."

Alimwambia. Laliya alikuwa amelala kwenye mkeka karibu na mlango, kwa sababu ndani hewa haikumtosha. Alisikiliza, akatikisa kichwa. "Mfalme ananisalimu," alisema. "Looo. Fundi matandiko kapata cheo." Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi. Hakuishi kuyaona mavuno.

Walimzika chini ya sakafu, kando ya baba yake. Jumbani ilitoka sanda nzuri ya kitani na mtungi wa mafuta, "kwa ajili ya mume wa mlezi wa mfalme," na mtumishi aliyeileta alisimama akisubiri ashukuriwe. Tarisha alikuwa akitazama barabara nyuma yake. Alijua kabisa kwamba mtoto wake hawezi kuja. Mfalme akija kumwagia maji mshona matandiko, kila mtu ataelewa maana yake. Alijua, na bado alichelewesha maziko hadi watu wakaanza kunong'ona. Mwishowe Hatitu ndiye aliyemwaga maji na kuita, "Laliya, baba yangu, njoo unywe." Alikuwa ameolewa mwezi uliopita, na sauti yake ilikuwa ndogo. Tarisha alimchukia mwanawe siku ile, akamchukia kwa moyo wote, na kabla jua halijazama alikuwa ameshamsamehe na kubaki na chuki juu ya nafsi yake mwenyewe.

Kisha akaja mwingine. Sina haja ya kumtaja jina, naye hakudumu. Alikuja na watu wake kutoka upande wa kaskazini, akafunguliwa lango na walinzi waliolipwa, na Kurubu akauawa asubuhi akiwa kwenye ngazi za jumba, upanga ukiwa bado kiunoni mwake. Na Buzazu? Buzazu alianguka kwa miguu yake kama paka. Mchana wa siku hiyohiyo alikuwa amekaa kwenye Lango la Ngazi, mbele ya wazee wenzake, akimtumikia bwana mpya kwa sauti ileile laini.

Kwetu hata mtu aliyeuawa kwa hukumu ana haki moja. Maiti yake huwekwa langoni, na mpiga mbiu huuliza kama ana watu wake. Akijitokeza wa damu yake, anapewa, anaenda kumzika sakafuni kwake. Asipojitokeza mtu, anatupwa mtoni kutoka kwenye jabali, na jina lake haliitwi tena na yeyote. Na ni wa damu peke yake anayeruhusiwa kufungua nywele na kupiga yowe. Mgeni akilia langoni namna hiyo, amemtukana mfu na walio hai.

Tarisha alitoka nyumbani kwake akiwa amekwisha kufungua nywele. Zilikuwa za mvi, zilimfika kiunoni, na mtaa mzima ulimwona akipita nazo hivyo. Hatitu, mimba yake ikiwa imeshakuwa kubwa, alimkimbilia nyuma akimshika shuka yake, akimsihi, "Mama, rudi. Mama, nakuomba. Watatuua." Tarisha hakusikia, au alisikia.

Maiti ilikuwa juu ya mbao, imefunikwa gunia usoni. Miguu ilikuwa nje. Alimjua kwa kidole kidogo cha mguu kilichopinda, kilichokuwa hivyo tangu kuzaliwa.

"Kurub-Ishtari huyu," mpiga mbiu aliita, "ana watu wake?"

"Anao," Tarisha akasema. "Mimi hapa. Mimi ni mama yake."

Watu wakafungua njia. Buzazu alimtazama kwa namna ya mtu anayemhurumia mjane. "Tarisha," alisema, "umefiwa na mume, una uchungu. Lakini mimi mwenyewe nilisimama hapa ukishika jambia. Ulisema huyu hakutoka tumboni mwako."

"Nilisema uongo! Na wewe ndiye uliyekuja kwangu ukanifundisha! Ulikaa kwenye mkeka wangu, ukakataa hata bia yangu!"

Minong'ono ikapita kama upepo. Buzazu hakupandisha sauti. "Sisi wazee tulidanganywa," alisema. "Tuliambiwa huyu ni wa mwana wa mfalme. Bwana wetu mpya amechunguza, amesema yule mwana wa mfalme hakuacha mtoto. Basi si wake. Na si wa Laliya, kwa sababu Laliya aliapa mbele ya mungu. Nitampa nani?"

"Nipe mimi."

"Wewe umeapa."

"Kama ningeapa kweli mume wangu angekuwa hai!" Alipiga kifua chake. "Alikuwa mzima yule! Alikuwa anabeba gogo la mti peke yake. Tuliapa, na mwaka haujaisha Ashuru akamchukua kwa kifua. Mnataka ushahidi gani mwingine? Mungu ameshawaonyesha kwamba tulidanganya. Nipeni mtoto wangu, halafu mnitupe mimi mtoni. Nitakwenda kwa miguu yangu. Binti yangu atuzike... atamzika yeye kando ya baba yake, mimi mnitupe. Nimekubali."

Mzee mmoja kati ya wazee akainamisha kichwa, na mwingine akasema chini kwa chini kwamba neno la mwanamke huyu lina uzito, Laliya alikuwa kweli mtu mwenye nguvu. Nawaambia, kwa muda mfupi ilielekea angempata. Buzazu aliliona hilo, maana ikigundulika kiapo kile ni cha uongo, mwenye kukipanga ni yeye. Akageuka.

"Binti," alimwita Hatitu. "Njoo hapa karibu. Usiogope. Uliapa na wazazi wako. Kama mama yako alisema uongo, nawe ulisema uongo, na hukumu ya kiapo cha uongo haimwangukii mtu mmoja. Inaanguka kwenye nyumba yote. Tunabomoa, tunachimba sakafu, tunawatoa waliomo chini. Na aliye tumboni naye ni wa nyumba hiyo. Sasa tuambie. Huyu hapa ni kaka yako?"

Hatitu alitazama ile miguu juu ya mbao. Huyu ndiye aliyembeba mgongoni kumvusha mitaro wakati wa mafuriko. Ndiye aliyemchongea punda wa mti, akamtengenezea na tandiko la kipande cha ngozi cha baba. Alitazama kwa muda, mikono yote miwili iko tumboni. Kisha akamtazama mama yake, na Tarisha akaona usoni mwa binti yake jambo alilolijua vizuri, kwa sababu lilikuwa lake. Ni uso wa mwanamke aliyekwisha kuamua nani ataishi.

"Mama yangu hayuko sawa tangu baba afe," Hatitu alisema. Sauti yake haikutetemeka. "Alimlea huyu mtu, alimpenda. Anachanganya. Sisi hatuna ndugu hapa, wazee wangu. Mumsamehe, nitampeleka nyumbani."

"Hatitu," mama yake akasema.

"Twende, mama."

Hatitu akasogea nyuma yake. Mbele ya mji mzima akazikusanya zile nywele za mvi kwa mikono yake miwili, akazisokota, akazifunga kisogoni kwa utepe wa kitambaa alioutoa kichwani mwake mwenyewe. Alifunga taratibu na kwa kukaza, kama mtu anayemwandaa mtoto. Tarisha alisimama akafungwa. Angeweza kumsukuma. Angeweza kupiga yowe moja tu, na yowe lile lingetosha kuwaua wote watatu, naye akalishika kooni, akalimeza.

"Kurub-Ishtari," mpiga mbiu alitangaza, "mwana wa asiyejulikana. Hana kwao."

Watu wanne wakanyanyua ile mbao kuelekea jabalini. Wawili wale wakashuka ngazi upande wa pili, binti amemshika mama mkono, na kila waliyekutana naye njiani aliwaamkia, nao wakaitikia.